Siku Baba Alipokula kwa Waitaliano

Msomaji, ukishuka matatu mjini Malindi mwezi wa Desemba, usishangae kumsikia muuza mabuyu akivutana bei na mteja kwa Kitaliano. Wala usishangae kumkuta fundi cherehani wa Kigiriama akieleza, kwa lugha hiyo hiyo na kwa mikono yote miwili, kwamba suruali itakuwa tayari kesho. Kando ya barabara ya Lamu mbao za maduka zimeandikwa maneno ya Roma, na harufu ya kahawa nzito hukufikia kabla hujavuka. Ndiyo maana watu huuita mji huo Italia Ndogo.

Wengi wetu tunaoishi Mombasa na Nairobi tumeupita mji huo tukielekea Lamu, au tulipelekwa na shule kuyaona magofu ya Gede, tukala chipsi na kuku, tukarudi. Chakula cha Kitaliano tumewaachia wenyewe. "Si chetu kile," husema watu, "ni cha wazungu, na bei yake ni ya wazungu." Hata mimi nilisema hivyo kwa miaka mingi, ingawa sikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi nilisomeshwa kwa chakula hicho. Baba yangu alikuwa mpishi wa Waitaliano kwa miaka kumi na tisa.

Lakini hebu kwanza nikueleze wageni hawa walivyofika, kwani si watalii waliotangulia, ni wahandisi. Kaskazini ya Malindi, ukivuka mto Sabaki na kupita Mambrui na mashamba ya chumvi ya Gongoni, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Hapo, katika miaka ya 1960, Italia ilisimamisha majukwaa ya chuma baharini kwa ajili ya kurushia roketi. Setilaiti ya kwanza kuondoka hapo iliruka Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, ikarushwa nyingine ya Wamarekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Roketi ya mwisho iliondoka mwaka 1988. Lakini wahandisi nao wana matumbo, tena wana ndugu na marafiki. Watu wakaja kutembea, wakalipenda jua, wakajenga nyumba. Palipo na Mwitaliano hapakosi tambi, na palipo na tambi lazima pawe na mtu wa kuzichemsha. Mtu huyo, mara nyingi, alikuwa kijana kutoka Marafa, Roka au Tezo ambaye kwao alizoea sima.

Wala usidhani Malindi ilianza jana kupokea wageni. Mwaka 1415 mji huu ulimpelekea mfalme wa China twiga kama zawadi, na mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika akiwa amechoshwa na safari, Malindi ilimkaribisha, ikampa na rubani wa kumvusha hadi India. Kulisha watu wa meli ni kazi ya kale hapa.

Basi, baba. Kwetu ni Tezo, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Mwaka 1994 baba aliajiriwa kufagia majani katika nyumba ya Mwitaliano mmoja huko Malindi. Siku moja mpishi akaugua, baba akaitwa amenye vitunguu. Mpishi aliporudi akakuta vitunguu vimekatwa vizuri kuliko vyake. Mambo yakawa ni hayo. Alikaa katika jiko hilo mpaka 2013, mwenye nyumba alipoiuza na kurudi kwao. Baba alilipwa mpaka mwisho wa mwezi, akaambiwa asante. Miaka kumi na tisa, msomaji, na kilichoongezwa juu ya mshahara kilikuwa ni asante.

Kila Jumamosi jioni alishuka matatu pale Tezo akiwa na mkebe wa Kasuku umejaa tambi zilizobaki. Kwetu sisi watoto ilikuwa sikukuu. Shuleni ilikuwa balaa, maana wenzetu waligundua, wakatuita wala minyoo, na nilipigana ngumi zaidi ya mara moja kwa ajili ya mkebe ule. Mama naye alikuwa na yake. Yeye alizijua tambi kwa majirani Waswahili, zile nyembamba za Ramadhani na Idi zinazopikwa kwa tui, iliki na sukari. Basi alizichukua tambi za baba, akazinyunyizia sukari, akatupakulia. Baba alikuwa akigeuza uso. "Hiyo ni dhambi," alisema, na hakuwa akitania.

Kwani alikuwa na sheria zake. Maji ya kuchemshia yawe na chumvi ya kutosha, karibu kama ya bahari. Tambi ndefu hazivunjwi ili zitoshe katika sufuria. Huachwa zilainike zenyewe. Zitolewe zikiwa bado na kiini kidogo, kile ambacho Waitaliano hukiita al dente, yaani cha kukutana na jino. Jibini haiwekwi juu ya samaki. Sheria hizi tulizijua kabla ya jedwali la kuzidisha. Lakini yeye mwenyewe, katika miaka yote hiyo, alikula sima na mchunga nyuma ya jiko, amekaa juu ya kreti la soda pamoja na mtunza bustani. Mezani hakuketi hata siku moja. Hakulalamika, nami sikumwuliza.

Desemba iliyopita nililipwa fedha za makala nilizokuwa nikizidai tangu Machi. Nikaamua, kabla hazijapotea katika karo na kodi ya nyumba, nitampeleka baba Malindi, tulale hotelini, twende tukale chakula cha Kitaliano kama wageni. Mama alikataa kuja. Nani atawafungulia mbuzi? Tukaondoka watatu: baba, mimi, na mwanangu wa miaka tisa.

Hapa nina ushauri kwa wenye familia. Usikimbilie hoteli kubwa za ufuoni ambako unafungwa ukanda mkononi na kula hapo hapo asubuhi, mchana na jioni. Tafuta hoteli ndogo ndani ya mji, yenye chandarua kizima, feni inayozunguka na kiamsha kinywa, kisha jioni toka kwa miguu ukale nje. Huko Hispania, katika nchi ya Wabaski, kuna mji wa pwani uitwao San Sebastián ambao watu husafiri kutoka mbali kwa ajili ya kula tu. Wengi wao hawajali sana chumba walicholala, wanachokumbuka ni meza. Malindi unaweza kufanya hivyo hivyo kwa kipimo chetu. Chumba chetu cha vitanda vitatu kilikuwa shilingi 4,500. Piga simu kwanza, hasa kati ya Aprili na Juni, kwani mvua za masika zinapoanza wengi hufunga milango.

Tulifika saa tisa alasiri. Nilikuwa nyuma nikimlipa mwenye tuktuk, baba ametangulia na begi lake la turubai, amevaa shati jeupe alilolipiga pasi usiku uliotangulia. Bawabu wa hoteli akamtazama, akamwambia kwa upole kabisa, "Mzee, mlango wa wafanyakazi ni ule wa kando."

Na baba akaenda.

Hilo ndilo lililonichoma, msomaji. Bawabu alikuwa kijana mdogo, pengine aliambiwa aangalie nani anaingia, na kosa lake lilikuwa la sekunde mbili. Lakini baba hakusema neno. Aligeuka, akaanza kuufuata ukuta kuelekea mlango ule wa kando, kama mtu anayerudi kazini baada ya likizo. Mwanangu ndiye aliyepiga kelele, "Babu, unaenda wapi? Hoteli ni hapa!"

Nilimsomea yule bawabu maneno ambayo gazeti hili halingeyachapisha. Akaomba radhi, akabeba mabegi yote matatu mwenyewe. Baba alinishika mkono. "Mwache, mama," alisema. Huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Ameniona vizuri tu. Mtu wa jikoni hujulikana kwa mwendo."

Jioni tulitembea ufuoni. Bahari ilikuwa bado na wekundu wa matope ya Sabaki kwa sababu ya mvua za vuli, na mtoto alisikitika kwamba haifanani na ile ya kwenye kalenda. Baba alinyamaza njia nzima. Nilianza kujuta. Nilijiuliza kama safari hii niliifanya kwa ajili yake au kwa ajili yangu, ili niweze kusema nilimpeleka. Tulipokuwa tukivaa kwenda kula alisema pole pole kwamba labda angebaki, tumbo halikuwa sawa, sisi twende tumletee kidogo.

"Katika mkebe?" nikamwuliza.

Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akachukua kofia yake.

Mkahawa wenyewe ulikuwa mwendo wa dakika kumi, chini ya mapaa ya makuti, wenye vitambaa vyeupe mezani na taa ndogo zilizofunikwa kwa vifuu. Kila meza ilikuwa na chungu cha mrehani. Sisi wa pwani tunaujua mrehani. Wanawake huuchanganya na asumini na kuuvaa unukie. Waitaliano huula. Huuchuma mbichi na kuutupa juu ya nyanya, na nakuambia si wajinga.

Tuliletewa orodha ya vyakula. Ilikuwa kwa Kitaliano, ukurasa baada ya ukurasa. Niliitazama, nikaigeuza, nikaitazama tena. Stashahada yangu ya uandishi wa habari haikunisaidia kitu. Nikamwona baba anatoa miwani mfukoni, anaifuta kwa ncha ya shati, anaanza kusoma. Yeye aliyeacha shule darasa la nne alikuwa akitusomea, mstari kwa mstari, kidole kikifuata: huyu ni ngisi wa kukaanga, huyu pweza na viazi, hii ni kama sambusa ila huchemshwa na ndani yake mna kaa, hawa ni kamba kwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. "Hii hapa usiagize," alinong'ona. "Ni makombo ya jana waliyoyapa jina zuri." Mwanangu alimtazama babu yake kana kwamba amemwona akiruka.

Sauti yake ilibadilika. Mhudumu alipokuja, baba alimwuliza kwa Kitaliano kamba wametoka wapi na wamefika lini. Kijana akajibu kwa Kitaliano, kisha akasita, akakitazama kile kidole chenye kovu la kisu, akaangukia Kigiriama. Alikuwa ametoka Roka. Jina la baba alilisikia kwa mpishi wao mkuu. Akakimbilia jikoni.

Kwanza nikuambie tulichokula. Tulianza na samaki mbichi, ndiyo, mbichi, nguru aliyekatwa vipande vyembamba kama karatasi na kukamuliwa ndimu. Nilisita. "Kula, mama," alisema baba, "huyu alikuwa baharini asubuhi." Alikuwa mtamu, wa baridi, mwenye chumvi ya mbali. Mimi nikaletewa zile sambusa za kuchemsha zenye kaa, laini mno hata nilisahau kutafuna. Mtoto alipewa tambi bapa zilizopangwa tabaka kwa tabaka na nyama, akazimaliza peke yake. Baba alichukua tambi ndefu kwa kamba.

Sahani ilipowekwa mbele yake hakuigusa. Aliitazama. Kisha akachukua uma, akazungusha mara moja, akala, akafumba macho. Sisi tulingoja kama watu wanaongoja hukumu.

"Dakika moja zaidi," alisema.

Nyuma yake sauti ikajibu, "Nusu dakika, Mwalimu. Ile nusu nyingine ni ya mhudumu aliyekuwa akiniambia habari zako."

Alikuwa mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu, amevaa aproni na kofia nyeupe. Mwaka 2003 aliosha sufuria katika jiko la baba. Walishikana mikono, hawakuachana. Niliwaza watasimulia mambo makubwa, lakini waliongea kuhusu bei ya kamba, kuhusu unga wa ngano siku hizi, kuhusu Mwitaliano fulani aliyekuwa akilia akila embe. Yule mpishi alieleza jinsi mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa tarehe 25 Machi kwa ajili ya korona, mkahawa ulivyofungwa wiki ile ile. Alirudi kwao Marafa akakaanga viazi vya karai kando ya barabara. "Nilivipaka mrehani," alisema. "Watu wakauliza mbona viazi vyako vinanuka kama bibi harusi." Ndege ziliporuhusiwa tena, tarehe 1 Agosti, Waitaliano hawakurudi mara moja. Katika kungoja huko, alisema, wenye mikahawa wengine walianza kwa mara ya kwanza kuwatazama Wakenya kama wateja. Siku hizi Jumapili mchana huja familia kutoka Kilifi na Mtwapa, na watoto wao hawacheki tena wanapoziona tambi.

Alitaka tusilipe. Baba alikataa kabla sijafungua mdomo. "Leo mimi ni mgeni," alisema, "na mgeni hulipa." Kwa kweli aliyelipa ni mimi, lakini sikumkatiza.

Bili ilikuwa shilingi 7,800 kwa watu watatu, pamoja na maji na madafu. Si kidogo. Ni fedha ambayo familia nyingi haziwezi kuitoa ila mara moja kwa mwaka, nami sikudanganyi kwamba ni rahisi. Lakini nimewahi kulipa karibu hivyo Nairobi kwa nyama choma na soda za watu sita, sikumbuki hata ilikuwa lini. Na jihadhari na kitu kimoja: kambakoche na samaki wazima huuzwa kwa uzito, kwa hiyo uliza bei ya kilo na uone mizani kabla hujakubali, la sivyo utarudi nyumbani kwa miguu.

Baba aliiomba ile karatasi. Aliisoma jinsi alivyoisoma orodha, kwa kidole.

"Sahani yangu hii ni elfu mbili mia mbili," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mwezi wangu wa mwisho nilipokea elfu kumi na moja na mia tano."

Nikanyamaza.

"Na kuna Jumamosi moja tulikuwa na wageni. Nilitoa sahani kumi na nne kama hii." Hakuifanya hesabu kwa sauti. Mimi niliifanya, na nina hakika naye alikwisha kuifanya zamani. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia katika mfuko wa shati lake jeupe. Kisha akasema, "Lakini chumvi ameiweka sawasawa," tukainuka.

Asubuhi niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Nilishuka mbio. Alikuwa langoni, amekaa kwenye benchi la bawabu, wanakunywa chai na mahamri. Karatasi ya bili ilikuwa imekunjuliwa juu ya goti la yule kijana, ambaye aliponiona alisimama wima kama askari. "Haamini," baba aliniambia. "Anasema hakuna sahani ya bei hiyo. Nimemwonyesha."

Tukapitia soko la samaki kabla ya kupanda matatu. Baba alichagua kamba mmoja mmoja, akiwanusa, mpaka muuzaji akachoka naye. Dukani alinunua pakiti ya tambi ndefu na kichupa kidogo cha mafuta ya zeituni ambacho alikililia bei njia nzima kutoka Gede hadi Matsangoni.

Saa nane mchana alikuwa nyumbani Tezo, ameinamia mafiga matatu, moshi ukimtoa machozi, akizihesabu dakika kwa saa ya mwanangu. Hakuzivunja. Alipoziepua alizipakua katika sahani yetu ya kioo, ile ya wageni, akapanga kamba juu, akaongeza mrehani aliouchuma kwa jirani. Akatoa meza ya sebuleni chini ya mwembe, akatandika kanga safi, akavuta kiti, akamwambia mama akae.

Mama alikaa. Alionja. Alitafuna kwa muda mrefu, akitutazama mmoja mmoja, kisha akaniagiza nimletee kopo la sukari.